Mavumbi ya kobalti na herufi za ADN: mashine mpya zinaweza kuthibitisha nini hapa Lualaba?

Mwaka 2014, katika kartie ya Kasulo, mjini Kolwezi, watu walianza kuchimba ndani ya parseli zao wenyewe. Kobalti ilikuwa chini ya sakafu, chini ya jikoni, chini ya choo. Kwa muda mfupi kartie ikageuka mgodi: mashimo yamefunikwa na maturubai, mifuko ya mawe imesimama mlangoni, watoto wanacheza juu ya udongo uliotoka chini kabisa ya ardhi. Mavumbi yaliingia ndani ya blanketi na juu ya bukari. Kuona mavumbi hakuhitaji laboratware. Kitu kilichohitaji laboratware ni swali lingine: mavumbi yale, yakisha kuingia mwilini, yanafanya nini?

Jibu la kwanza lenye nguvu lilitoka mwaka 2018. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wakiongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa KU Leuven nchini Ubelgiji kama Profesa Benoit Nemery, walipima mkojo na damu ya wakaaji 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32. Waliwalinganisha na watu wa kartie ya jirani isiyo na mgodi. Kobalti katika mwili wa watu wa Kasulo ilikuwa nyingi zaidi, na tofauti kubwa kuliko zote ilionekana kwa watoto. Tena kuko jambo la pili ambalo halikusemwa sana kwenye redio: katika mkojo wa watoto wale, watafiti walikuta alama ya ADN iliyoharibika.

Hapo njo habari hii inaanza. Maana alama ile ya mkojo inasema kitu kimoja, na inanyamaza juu ya kitu kingine chenye uzito zaidi. Na sasa kuko mashine za kusoma ADN, zile zile zinazosoma virusi vya Ebola na mpox, ambazo zinaweza kujibu sehemu ile iliyonyamaza.

Kusema kweli, habari ya kobalti mwilini si mpya. Tangu 2009 timu hiyo hiyo ilikuwa imeandika kwamba kobalti waliyoipima katika mkojo wa watu wa Katanga ni ya juu kuliko yote iliyowahi kuandikwa duniani kwa watu wa kawaida, ni kusema watu ambao si wafanyakazi wa kiwanda. Kati ya watoto wa chini ya miaka 14 walioishi karibu na migodi na viwanda vya madini, 87 kwa 100 walipita kiwango kinachowekwa kwa wafanyakazi wakubwa. Watoto wale hawana kandarasi, hawana kofia ya kazi, lakini mkojo wao unafanana na wa mtu anayeshinda kiwandani.

Baada ya miaka yote hiyo, maneno bado ni yale yale. Mama anauliza: «Mutoto wangu alizaliwa hivi juu ya nini?» Kampuni inajibu: leta ushahidi. Serikali inasema uchunguzi unaendelea. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inasema kwamba mwenye haki ya kuchimba anapaswa kulipa hasara aliyoletea watu, mali na mazingira kwa sababu ya kazi yake, hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Kwenye karatasi ni sheria kali. Lakini neno gumu limejificha katikati: «kwa sababu ya kazi yake». Ni nani ataonyesha kwamba figo la huyu au mimba ya yule iliharibiwa na kobalti, na si malaria, si pombe, si jambo la ukoo? Kupima kobalti katika mkojo kunaonyesha kwamba sumu iliingia. Hakuonyeshi kwamba sumu ndiyo ilivunja.

Tuangalie basi alama ile ya mkojo wa watoto wa Kasulo. ADN ni kama maandishi marefu yenye herufi nne tu: A, T, G na C. Kila chembe ya mwili wa mtu inabeba nakala ya herufi karibu miliari 3. Metali kama kobalti zinaamsha mwilini aina ya oksijeni kali inayochoma vitu, kama vile hewa na maji vinavyokula chuma hadi kutu. Herufi inayoshika kutu haraka kuliko zote ni G. Mwili una mafundi wake: wanakata ile G iliyoharibika, wanaweka mpya, na kipande kibovu kinatoka na mkojo. Kipande hicho ndicho kilipimwa kwa watoto.

Sasa tatizo ni hili. Kipande kikionekana katika mkojo, kinasema kwamba uharibifu ulikuwapo na kwamba mafundi wanafanya kazi. Hakisemi ni G ngapi ambazo mafundi hawakuziona. G yenye kutu ikiachwa mahali pake wakati chembe inajigawa, inasomwa vibaya, na katika nakala inayofuata inaweza kuwa T. Toka pale hakuna kurudi nyuma. Chembe ile, na watoto wake wote, itabeba T mahali palipokuwa na G. Makosa mengi ya namna hiyo hayafanyi kitu. Likianguka mahali pabaya, njo mwanzo wa kansere, ni kusema saratani. Mkojo ni moshi. Makosa yaliyobaki ndani ya ADN ndiyo nyumba iliyoungua. Ili kuyaona, inabidi kuisoma ADN yenyewe, herufi kwa herufi.

Kusoma ADN zamani ilikuwa kazi ya matajiri. Mpango wa dunia wa kusoma jenomu ya kwanza ya mtu ulianza 1990, ukamalizika 2003, na ulikula karibu miliari 3 za dola. Leo, katika laboratware kubwa, jenomu ya mtu mmoja inasomwa kwa chini ya dola 1.000. Hata hivyo, bei kushuka hakukutosha kwa kazi ya sumu. Mashine za kawaida zinakosea, karibu herufi moja kwa kila 1.000 au pungufu kidogo. Kwa kutafuta virusi, hakuna shida: nakala ni nyingi, kosa linajulikana. Lakini kosa linaloletwa na kemikali katika damu ya mtu asiye mgonjwa ni adimu sana, linaweza kuwa moja tu katika mamilioni ya herufi. Ni kama kutafuta kosa moja la uandishi katika maktaba nzima, huku miwani yako yenyewe inaongeza makosa kwenye kila ukurasa.

Mwaka 2012, timu ya Michael Schmitt na Lawrence Loeb, katika chuo kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, ilipata ujanja. ADN ina nyuzi mbili zinazotazamana. A inashikana na T, G na C. Wao waliweka kibandiko kwenye kila kipande kabla ya kukisoma, wakasoma uzi mmoja, kisha uzi wa pili wa kipande kile kile. Kama kosa linaonekana upande mmoja tu, ni kosa la mashine, wanalitupa. Kama linaonekana pande zote mbili, ni la kweli. Wazo ni rahisi hata mtu wa depo anaelewa: madaftari mawili ya hesabu, la muuzaji na la mnunuzi, yanalinganishwa. Kwa njia hiyo kosa la mashine lilishuka chini ya moja kwa milioni 10. Hapo sasa mtu anaweza kuchukua damu kidogo ya mtu anayesimama na kutembea, na kuhesabu majeraha ambayo kemikali imeacha, bila kungoja miaka 20 uvimbe utokee.

Kabla ya hapo, dunia ilikuwa inajua sumu kwa njia mbili hasa. Moja ni ile ya Bruce Ames wa California, tangu miaka ya 1970: unaweka kemikali juu ya bakteria, unaangalia kama inabadilika. Ni haraka na bei ndogo, lakini bakteria si mtu, haina ini wala figo. Nyingine ni kuwapa panya kemikali kwa miaka miwili, kisha kuwapasua. Hiyo inakula mamilioni ya dola na mamia ya wanyama kwa kemikali moja tu, wakati kemikali zinazouzwa duniani ni makumi ya maelfu. Siku hizi shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeanzisha njia fupi: panya wanapewa kemikali siku tano tu, kisha ARN yao inasomwa ili kujua ni jeni zipi zimewaka na zipi zimezimika, na toka hapo wanaweka kiwango cha muda cha usalama. Inachukua miezi, si miaka. Kwa nchi inayopokea kila aina ya dawa za shamba ambazo lebo yake hakuna anayeisoma, habari hiyo si ya mbali. Lakini turudi kwenye kusoma herufi, maana pale ndipo kuko kitu ambacho hata korti inaweza kukielewa.

Kila sumu ina namna yake ya kukosea. Moshi wa sigara unaacha makosa ya aina moja, jua kali aina nyingine. Wanasayansi wanaita hiyo «sahihi», sawa na sahihi ya mtu chini ya barua. Mwaka 2013 timu ya Ludmil Alexandrov na Mike Stratton nchini Uingereza ilichapisha orodha ya kwanza kubwa ya sahihi hizo, zaidi ya 20, kutoka kansere za maelfu ya wagonjwa. Miaka mitatu baadaye walihesabu kwamba mtu anayevuta pakiti moja ya sigara kwa siku, kwa mwaka mmoja anajiwekea makosa karibu 150 katika kila chembe ya mapafu. Si maneno ya matangazo ya redio tena, ni hesabu.

Mfano mzuri zaidi unatoka kwenye vijiji vya wakulima huko Ulaya, na unastahili kusimuliwa polepole kwa sababu unafanana na hapa. Kando ya mto Danube na mito inayoingia ndani yake, katika Kroatia, Bosnia, Serbia, Bulgaria na Romania, watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa figo, na wengi wao walipata pia kansere ya njia ya mkojo. Tangu miaka ya 1950 wanganga waliandika juu yake. Nyumba moja inaugua, nyumba ya jirani hapana. Wengine walisema ni maji ya kisima. Wengine, metali. Wengine, ukungu wa nafaka. Wengine, damu ya ukoo. Kila mmoja alikuwa na nadharia, na wagonjwa waliendelea kuzikwa.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Bruxelles, wanawake wapatao 100 waliotumia vidonge vya kupunguza uzito waliharibika figo. Katika vidonge mulikuwa na mmea wa aina ya Aristolochia, uliowekwa kwa kubadilishana na mmea mwingine. Figo zao zilifanana na za wale wakulima wa Danube. Na Aristolochia inaota yenyewe ndani ya mashamba ya ngano kule. Mbegu zake zilisagwa pamoja na ngano, zikaliwa katika mkate. ADN ndiyo ilikata mzozo. Sumu ya mmea huo inageuza herufi A kuwa T, kwa wingi ambao sumu nyingine haifanyi. Mwaka 2013, kansere za wagonjwa ziliposomwa jenomu nzima nzima, sahihi ilikuwa pale, wazi. Mwaka 2017 walisoma kansere za ini 98 kutoka Taiwan, mahali ambapo dawa za mitishamba zenye mmea huo zilitumika sana hadi zikakatazwa 2003: katika 78 kwa 100 walikuta sahihi ile ile. Watu waliokunywa dawa wakati ule hawakumbuki jina la dawa. ADN yao inakumbuka.

Hata hapa kwetu kuko sumu yenye sahihi. Ukungu wa karanga na mahindi yaliyowekwa mahali penye unyevunyevu unatoa aflatoksini, na tangu 1991 inajulikana kwamba katika kansere ya ini inaacha kosa la G kuwa T mahali pamoja maalumu kwenye jeni inayoitwa p53; ilionekana kwa wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika. Yeyote anayenunua karanga sokoni bila kutazama rangi yake angefaa kujua hilo, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Na kobalti? Inaacha sahihi? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa: metali haziandiki vizuri. Zinachoma huku na huku, zinazuia mafundi wa mwili kufanya kazi, zinawasha na kuzima jeni bila kubadili herufi. Kwa hiyo wengi hawakutegemea kuona kitu. Lakini mwaka 2020 yalitoka matokeo yaliyowashangaza hata wenyewe. Watafiti walisoma jenomu nzima za uvimbe wa panya waliopewa kemikali 20 zinazojulikana au kushukiwa kuleta kansere. Kati ya 20, 17 hazikuacha sahihi yoyote ya pekee. Tatu tu ziliacha. Moja kati ya hizo tatu ni metali ya kobalti.

Uchunguzi mwingine wa Marekani, juu ya panya waliovuta vumbi la kobalti maisha yao yote, ulikuwa umeonyesha uvimbe wa mapafu, na ndani yake jeni Kras imebadilika, mara nyingi kutoka G kwenda T. Msomaji anakumbuka: G yenye kutu, inayogeuka T. Ni njia ile ile ambayo mwanzo wake ulionekana katika mkojo wa watoto wa Kasulo. Mwaka 2022 CIRC, shirika la OMS la utafiti wa kansere lililo Lyon, liliiweka metali ya kobalti, pamoja na chumvi zake zinazoyeyuka, katika kundi la vitu ambavyo «pengine» vinaleta kansere kwa watu. Neno «pengine» ni la kitaalamu, lina daraja lake: 2A. Sababu moja ya kutopanda daraja la juu ni kwamba ushahidi kutoka kwa watu wenyewe haukutosha.

Watu wenyewe. Ni kusema watu kama wa Kasulo, wa Kapata, wa Kipushi, wa Likasi. Dunia inajua vumbi la kobalti linafanya nini katika pafu la panya wa laboratware kuliko inavyojua katika pafu la mama anayepepeta mawe. Sentensi hiyo inauma, lakini pia inaonyesha kazi ilipo: damu ya watu walioishi ndani ya mavumbi tangu 2014, damu ya watu wa umri ule ule walioishi mbali, zote zisomwe kwa njia ya nyuzi mbili, zilinganishwe na sahihi ya panya.

Kuko upande wa pili, wa wazazi. Mwaka 2020 gazeti la Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi wa Lubumbashi, uliofanywa na wanganga wa UNILU, kati yao Tony Kayembe-Kitenge, pamoja na Wabelgiji. Waliangalia watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana, na 108 waliozaliwa bila kilema. Baba akiwa anafanya kazi inayohusu madini, hatari ya kilema ilikuwa zaidi ya mara tano. Baba, si mama. Matokeo hayo yalichanganya watu wengi, maana kwa desturi mtoto akizaliwa na kasoro, ukoo mzima unamgeukia mwanamke: alikula nini, alitembea wapi, nani alimwangalia vibaya.

Inaweza kuelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza: baba anarudi na mavumbi katika nguo na viatu, mama anafua, mimba inavuta. Ya pili: mavumbi yanaharibu ADN ndani ya mbegu za baba, na mtoto anatungwa tayari na kosa. Mkojo hauwezi kutenganisha njia hizi mbili. Kusoma ADN kunaweza. Unasoma baba, mama na mtoto pamoja, unatafuta herufi ambazo mtoto anazo na wazazi wote wawili hawana. Kila mtu duniani, hata mtoto wa kijiji kisicho na mgodi, anazaliwa na makosa mapya kama 60 au 70, na mengi yanatoka kwa baba. Swali ni kama watoto wa baba wachimbaji wanayo zaidi.

Hapa inabidi kuwa wakweli, kwa sababu mashine hii haina upande. Baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl ya 1986, kila mtu alitegemea kwamba watoto wa wale waliochomwa na mionzi wangekuwa na makosa mengi mapya. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya kusoma jenomu za watoto 130 na wazazi wao. Hakukuwa na ongezeko. Ilikuwa habari njema kwa familia zile, na ilivunja maneno mengi yaliyosemwa kwa miaka 30. Lubumbashi nayo inaweza kupata jibu la «hapana» kwa njia ya mbegu za baba. Ikitokea hivyo, kuna atakayeshika karatasi ile na kusema: mnaona, madini hayana hatia. Itakuwa uongo, maana njia ya kwanza, ile ya nguo na viatu, itabaki imesimama, na hata itakuwa na nguvu zaidi. Afadhali watu wajue hilo mapema kabla karatasi haijatoka.

Kuko pia mambo ambayo sahihi haiwezi kufanya kabisa. G ikigeuka T, haiandiki pembeni jina la kampuni. Kasulo ina wachimbaji wa mikono, ina depo, kuko barabara zinazopitisha magari ya mizigo usiku na mchana, kuko viwanda upande wa upepo. Sahihi inaweza kusema «kobalti»; haiwezi kusema «kobalti ya nani». Kwa hilo inahitajika kazi ya zamani: kupima mavumbi nyumba kwa nyumba, upepo, maji ya mto, tarehe. Na mawe ya Katanga hayana kobalti peke yake. Kuko shaba, manganizi, arseniki, risasi, mahali pengine urani. Panya wa laboratware alivuta kitu kimoja. Mtoto wa Kolwezi anavuta mchanganyiko. Tena matokeo haya yanasema vizuri juu ya kundi kuliko juu ya mtu mmoja. Yanaweza kuonyesha kwamba watu 100 wa kartie hii wamebeba makosa mengi kuliko watu 100 wa kartie ile. Kumwambia baba fulani kwamba kansere yake ni ya kobalti, ni hatua ndefu zaidi. Mwanasheria mzuri wa kampuni atasimama hapo hapo.

Wengine watasema haya yote ni ya Wazungu, Kongo haina mashine. Si kweli. INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, Kinshasa, ilisoma jenomu za virusi vya Ebola wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na matokeo yalisaidia kujua nani aliambukizwa na nani. Aina mpya ya mpox iliyotangazwa 2024 ilijulikana kwa kusoma virusi kutoka kwa wagonjwa wa Kamituga, Kivu ya Kusini. Kamituga! Mji wa dhahabu, ambapo wachimbaji wanachoma zebaki kupata dhahabu. Sayansi ya kusoma herufi ilifika mpaka pale kwa ajili ya virusi, kwa sababu virusi vinaweza kupanda ndege na kwenda mbali. Zebaki haipandi ndege. Inabaki na mtu wake.

Na INRB ilikwisha kugusa sumu pia. Huko Kahemba, jimbo la Kwango, ugonjwa wa konzo unapooza miguu ya watoto wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, wenye sianidi. Katika utafiti uliochapishwa 2021, pamoja na wenzao wa Marekani na Profesa Desire Tshala-Katumbay, walisoma ADN ya bakteria za tumboni za watoto 180, ili kuelewa kwa nini wawili wanakula sufuria moja na mmoja tu anapooza. Walikuta kwamba bakteria zinazobebwa tumboni zinatofautiana kati ya mahali na mahali, na zile zenye uwezo wa kufungua sumu ya muhogo ni sehemu ya maelezo. Kwa hiyo elimu iko, na watu wako. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza na kulipa kazi hiyo kwa ajili ya madini.

Nani alipe? Kanuni hiyo hiyo ya 2018 inalazimisha makampuni kutoa 0,3 kwa 100 ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Kwa kawaida pesa hiyo inazungumzwa kama shule, visima na madaraja, na hakuna ubaya. Mwisho wa 2018 serikali iliitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati na kupandisha ushuru wake hadi 10 kwa 100. Kusoma ADN ya watu mia chache, hata kwa njia ya nyuzi mbili ambayo ni ghali kuliko ya kawaida, ni pesa ndogo mbele ya ile inayopita kwenye mpaka wa Kasumbalesa. Ila kampuni ikilipia uchunguzi moja kwa moja, nani ataamini matokeo? Na ikilipia serikali, ambayo nayo inakula ushuru wa kobalti? Jambo hili linastahili kujadiliwa na wakaaji wenyewe pamoja na UNILU, siyo kuletewa likiwa limekwisha kupangwa.

Tena kuko damu yenyewe. ADN si kama mkojo unaotupwa. Ndani yake kuna habari za ukoo: nani ni baba wa nani, nani anabeba sikoseli. Chupa nyingi za damu za watu wa Katanga zimekwisha kwenda Ulaya, kwa sababu vipimo vilikuwa kule. Mtu anayeombwa damu ana haki ya kuuliza, kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa cha karatasi: itawekwa wapi, itasomwa kwa ajili ya nini, nani ataona, na jibu litarudi lini. Watu wengi wa mgodini wanasema walipimwa wakangoja jibu mpaka wakasahau. Mchunguzi atakayekuja kesho atakuta mlango uliofungwa na yule wa jana.

Wakati mjadala unasubiri, kitu kimoja hakingoji. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano Kasulo ilipofunguka mwaka 2014 sasa ni kijana, wengine wamehama, wengine wanaanza kuzaa. Damu yake ya leo ikiwekwa vizuri, inaweza kusomwa hata baada ya miaka 15, na mashine bora kuliko za sasa. Damu ya kitovu cha mtoto atakayezaliwa wiki hii hospitalini, ikishatupwa, imekwenda. Kuihifadhi hakuhitaji mashine ya kusoma ADN. Inahitaji chupa yenye namba, daftari linaloonyesha mzazi anaishi wapi na anafanya kazi gani, ruhusa yake, na friji ya digri 80 chini ya sufuri yenye jenereta ambayo mafuta yake hayakosekani usiku umeme unapokatika.